Nahisi Naitwa, Lakini Sifai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wito

Maswali haya yanatoka kwa vijana wa kwaya, wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili, akina mama wafanyabiashara, na mafrateri (wanafunzi wa upadri) waliorudi nyumbani. Ni wachache wanaouliza kama Mungu anaita. Wengi wanauliza kwa nini awaite wao. Nimejibu kwa urefu pale jambo lilipostahili, na kwa ufupi pale ambapo maneno mengi yangekuwa ya kujaza ukurasa tu. Msomaji Mkatoliki atakutana na mambo ya Walutheri na Waanglikana humu, nao watakutana na ya Wakatoliki. Tuvumiliane.

Najiona sifai kabisa. Je, hiyo ni dalili kwamba sijaitwa?

Hapana. Lakini pia si dalili kwamba umeitwa, na hapo ndipo watu wengi hawapendi kusikia.

Isaya alilia kwamba midomo yake ni michafu. Yeremia alisema yeye ni mtoto, hajui kusema. Gideoni alitaja umaskini wa ukoo wake, tena yeye akiwa mdogo kuliko wote nyumbani kwao. Petro alimwomba Yesu aondoke kwake kwa sababu yeye ni mwenye dhambi. Kutokana na orodha hiyo wahubiri wengi wamejenga kanuni: ukijiona hufai, basi umeshagongwa muhuri.

Kanuni hiyo inamsahau Sauli. Siku ya kura ya kumpata mfalme wa Israeli, kule Mispa, jina lake lilitoka, akatafutwa, hakuonekana. Alikuwa amejificha kwenye mizigo (1 Samweli 10:22). Ungekuwepo siku ile ungesema, huyu kijana ni mnyenyekevu kweli. Miaka ikapita, akapewa agizo kuhusu Waamaleki, akalivunja. Samweli alipombana, alikiri kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao (15:24). Nionavyo mimi, woga uliompeleka kwenye mizigo ni uleule uliomwangusha akiwa mfalme. Ulikuwa ni woga wa macho ya watu tangu mwanzo, nao ulipovikwa taji haukupona.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: naogopa nini hasa? Kama unaogopa uzito wa kazi na utakatifu wa anayekutuma, uko mahali pamoja na Isaya, na woga huo unaweza kufanya nao kazi maisha yako yote. Kama unaogopa watu watasemaje, watacheka, watakulinganisha na mchungaji aliyepita, woga huo utibiwe kwanza, uwe umeitwa au hukuitwa. Kwa kawaida tunazo hofu zote mbili kwa wakati mmoja. Kaa nazo mpaka ujue ipi inaongea kwa sauti kubwa zaidi.

Mimi si msemaji. Nikisimama mbele ya watu nashikwa na kigugumizi. Mungu anaweza kumwita mtu kama mimi?

Soma Kutoka sura ya 3 na ya 4 polepole, kalamu mkononi. Musa anatoa hoja tano. Mimi ni nani hata niende kwa Farao? Wakiniuliza jina lako niseme nini? Wasiponiamini je? Ulimi wangu ni mzito. Na ya mwisho: tuma mwingine.

Angalia majibu. Kwa ile ya kwanza, Mungu hakumwambia Musa kwamba yeye ni hodari, amelelewa ikulu, anaijua Misri. Angeweza, maana yote yalikuwa kweli. Alimjibu, "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Musa aliuliza habari zake mwenyewe, akajibiwa habari za Mungu. Kwa ile ya pili alipewa jina, na kwa ya tatu akapewa ishara. Kwa ulimi mzito aliulizwa ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu. Hoja nne zilijibiwa kwa uvumilivu. Hasira iliwaka kwa ya tano tu (4:14), ile isiyokuwa na sababu ndani yake. Nne zilikuwa shida za mtu anayefikiria kwenda. Ya tano ilikuwa ya mtu ambaye hataki. Basi usione haya kumwuliza Mungu maswali magumu. Ila ujue ni lini umeacha kuuliza ukaanza kukwepa.

Na jambo hili husahaulika: hatusomi popote kwamba ulimi wa Musa uliponywa. Alipewa Haruni. Kama una kigugumizi, huenda hutapona hata ukikesha na kufunga, na wito wako usisubiri uponyaji huo. Tafuta mtu wa kusimama naye. Andika mahubiri yako neno kwa neno uyasome. Fundisha kikundi kidogo ambako watu wanakusubiri umalize sentensi. Wapo watumishi wanaofanya kazi yao yote kando ya vitanda vya wagonjwa, na mgonjwa hajali kama umesema haraka.

Ila umchague vizuri huyo Haruni wako. Yule wa kwanza, mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyekuja kuwatengenezea watu ndama wa dhahabu.

Wanasema Mungu haiti waliohitimu, bali huwahitimisha aliowaita. Mimi nilipata divisheni ziro kidato cha nne. Nisiogope?

Msemo huo ni wa kweli nusu, na nusu ya kweli huchelewesha watu. Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri (Matendo 7:22). Paulo alisomea miguuni pa Gamalieli. Luka alikuwa tabibu. Mungu amewaita wavuvi, na amewaita wasomi. Hakuna mahali alipouita uvivu.

Mfano ninaoupenda ni wa Mwafrika mwenzetu Augustino. Mwaka 391 aliingia kanisani Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Askofu Valerius alikuwa amewaambia waumini kwamba anahitaji padri. Wakamwona Augustino, wakamkamata, wakamsukuma mbele awekewe mikono palepale. Akalia. Kuna waliodhani analia kwa sababu amepewa upadri badala ya uaskofu, wakamfariji kwamba huo nao utakuja. Yeye alikuwa mwalimu wa balagha, sanaa ya usemi, aliyefundisha hadi Milano, mtu mwenye elimu kuliko karibu wote mle ndani, na bado alijiona hafai. Baada ya hapo alimwandikia Valerius barua akiomba muda hadi Pasaka, ajifungie asome Maandiko, kwa sababu alikuwa ameanza kuona kazi hiyo inataka nini na yeye hana nini. Hakukimbia Hippo wala hakujipa moyo kwa misemo. Aliomba nafasi ya kusoma.

Upande wa pili kuna Yohane Maria Vianney wa Ufaransa, aliyehangaishwa na Kilatini mpaka ikaonekana hatapita. Padri Balley alimfundisha nyumbani kwake na kumtetea. Alipadirishwa mwaka 1815, na mwanzoni hakuruhusiwa hata kuungamisha. Mwaka 1818 akapelekwa kijiji kidogo cha Ars, na baadaye watu wakasafiri kutoka mbali kupanga foleni kwenye kitubio chake. Leo ni mtakatifu msimamizi wa maparoko. Lakini usimtumie Vianney kama kisingizio: alirudia somo lililomshinda, tena akiwa mtu mzima miongoni mwa vijana wadogo.

Kwako wewe: rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Uliza ofisi ya dayosisi kuhusu masomo ya theolojia yanayosomwa ukiwa nyumbani. Vyuo vya Biblia vya wainjilisti mara nyingi vina masharti mepesi kuliko vyuo vikuu. Na kama mtu anakuambia Roho Mtakatifu anatosha hivyo usisome, mwulize ni nani aliyemtafsiria Biblia anayoishika.

Niache kazi nimtumikie Mungu?

Bado. Paulo alishona mahema Korintho huku akihubiri (Matendo 18:3). Atakayekutuma rasmi ndiye atakayekuambia lini uache.

Nina mtoto niliyezaa nje ya ndoa, na kuna miaka nilikuwa mlevi. Kanisa zima linajua.

Kusamehewa ni jambo moja, kukabidhiwa kundi ni jambo lingine. La kwanza hutolewa mara moja. La pili hupimwa. Paulo, ambaye alilitesa Kanisa, ndiye huyohuyo anayemwandikia Timotheo kwamba mwangalizi asiwe mtu aliyeongoka karibuni, na ashuhudiwe mema na walio nje (1 Timotheo 3:6-7). Hakuona mgongano.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia madhabahu, tuzungumze kuhusu mtoto. Unamtunza? Ada yake inalipwa? Mama yake, au baba yake, akiulizwa juu yako atasema nini? Ninajua swali hili linauma, lakini nimeona watu wakifunga na kuomba kuhusu huduma huku mtoto wao amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Wito wa huyo mtoto juu yako hauhitaji utambuzi wowote. Umeshajulikana.

Ukishasimama vizuri hapo, ulevi wa zamani si lazima uwe ukuta. Unaweza ukawa mlango wa kuingilia kwa watu ambao wengine hawajui hata waanze kuwaambia nini. Augustino naye alikuwa na mtoto, Adeodato, aliyezaliwa nje ya ndoa, na hakumficha. Alibatizwa pamoja naye Milano mwaka 387. Ila kila kanisa lina sheria zake kuhusu nani anaweza kuwekwa wakfu. Uliza mapema na useme ukweli wote. Jambo lililofichwa wakati wa usaili hujitokeza wakati mbaya kuliko wote.

Nabii alinitabiria kwamba nitakuwa mtumishi mkubwa. Pia nimeota ndoto. Je, huo ni uthibitisho?

Aliomba pesa? Kama uthibitisho wa wito wako ulikuja na ombi la mbegu, sadaka ya kufungua njia au mafuta ya kununua, mjadala umekwisha. Soma habari za Simoni katika Matendo 8, aliyetaka kununua karama kwa fedha. Petro alimkemea mnunuzi; sijui angemwambia nini muuzaji.

Kama hakuomba kitu, utabiri au ndoto ni sababu ya kuanza kuchunguza, na uchunguzi huo haufanyiki peke yako. Samweli alisikia sauti usiku kwa jina lake kabisa, na mara tatu alimkimbilia Eli akidhani ndiye anayemwita. Hata sauti ya wazi haikujieleza yenyewe. Ilihitaji mzee wa kumwambia hiyo ni sauti ya nani na ajibu vipi. Na mzee mwenyewe alikuwa Eli, baba aliyeshindwa kuwazuia wanawe, macho yakiwa yamefifia. Kwa hiyo usiseme paroko wako hafai kukushauri kwa sababu ana mapungufu. Eli alikuwa nayo mengi kuliko yeye, na bado Samweli alilelewa mkononi mwake.

Watu wa kuwauliza ni wale wanaokufahamu ukiwa umechoka na ukiwa na njaa: mwenzi wako kama umeoa au kuolewa, kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mwalimu wa kwaya, rafiki asiyekuonea aibu. Wakisema wote "sisi hatukuoni huko," pokea kama habari. Si lazima iwe hukumu, lakini ni habari.

Lazima wito uwe wa kanisani?

Hapana, na nadhani nusu ya maswali haya yangekwisha kama tungeliamini jibu hilo. Katika Kutoka 31 Mungu anasema amemwita Besaleli kwa jina na kumjaza Roho. Kwa ajili gani? Afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate vito, achonge mbao. Fundi. Martin Luther aliposema kwamba kazi ya mama anayelea na ya fundi viatu ni wito sawa na wa mtawa, hakuwa akipunguza utawa. Alikuwa akikataa ngazi ambayo watu waliijenga na Mungu hakuijenga.

Na hata ndani ya utawa, kazi yenyewe inaweza kuwa ya chini kabisa machoni pa watu. Josephine Bakhita alitekwa Darfur akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Kule Italia, mwaka 1889, mahakama ya Venezia ilitamka kwamba ni mtu huru. Akaweka nadhiri kwa masista Wakanosa mwaka 1896, na kwa miaka mingi huko Schio alipika, alishona, alipokea wageni mlangoni. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2000. Hakuwa mhubiri maarufu wala mwanateolojia. Alikuwa bawabu, na watu wa mji walimfuata pale mlangoni.

Kwa mama mwenye duka aliyeniuliza kama auze duka aende chuo cha Biblia: mizani isiyopunjwa, mkopo wa unga kwa mjane, na vijana wawili unaowafundisha biashara ni huduma ambayo mchungaji wako hawezi kuifanya. Labda bado unaitwa chuoni. Lakini usiende kwa kuwa unadhani dukani Mungu hayupo.

Wazazi hawataki. Mimi ni mtoto wa kiume pekee.

Nachukulia jambo hili kwa uzito, kwa sababu nyuma ya "hatutaki" ya mzazi wa kwetu kuna maswali halali: nani atatutunza, nani ataendeleza jina, umaskini huu utaisha lini. Usiyajibu kwa mistari ya Biblia. Yajibu kwa mpango. Kaa na ndugu zako, shangazi na wajomba muongee nani atabeba nini.

Kardinali Maurice Otunga alikuwa mtoto wa chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu, na kiti cha baba yake kilikuwa kinamsubiri. Alichagua upadri, akapadirishwa mwaka 1950, akawa kardinali mwaka 1973. Leo watu wanalisifu jambo hilo, lakini kijana anayemwacha mzee wa aina ile bila mrithi hakuwa na siku rahisi nyumbani.

Yapo pia ya upande wa pili: wazazi wanaomsukuma mtoto seminarini kwa sababu walimwekea Mungu ahadi alipokuwa mgonjwa. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1026, inakataza kabisa kumlazimisha mtu apokee daraja takatifu, na pia kumzuia anayefaa. Ahadi ya mama ni ya mama.

Mimi ni mwanamke. Je, mlango upo?

Inategemea kanisa, na hakuna faida ya kulizungusha. Kanisa Katoliki halipadirishi wanawake. Njia zake kwako ni utawa na utume wa walei, nazo si ndogo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina wachungaji wanawake. Kanisa la Kianglikana Kenya lilimweka Rose Okeno kuwa askofu wa Butere mwaka 2021. Kama kanisa lako limefunga mlango huo na moyo wako unaona huo tu, zungumza na mtu mkomavu kabla ya kuhama kanisa. Usihame kwa hasira.

Nilikuwa frateri nikarudishwa nyumbani. Kijijini wananiita "aliyefukuzwa".

Malezi yapo ili kupima, na kipimo ambacho jibu lake ni "ndiyo" siku zote si kipimo. Yohana Marko aliiacha safari njiani, kule Pamfilia. Paulo alikataa kumchukua tena, mpaka akagombana na Barnaba. Lakini kuna barua ambamo Paulo, akiwa kifungoni, anaomba aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Katikati ya hapo kulikuwa na miaka, na kulikuwa na Barnaba. Kama wewe huna Barnaba, wenzako mliosoma nao wanaweza kuwa wa kwanza kutafutwa. Wanajua mle ndani mlivyo. Na falsafa uliyosoma haikuchukuliwa getini.

Sasa nianzie wapi?

Anza na kazi iliyopo, isiyo na cheo. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyewahi kuwa askari, alibatizwa mwaka 1895, na mwaka 1896 alikuwa ameshavuka kwenda Mboga, katika Congo ya leo. Mtu anaweza kusema ni haraka mno kwa mwongofu mpya. Lakini alikwenda kama mwalimu wa wasomaji, yaani wanaojifunza imani. Kule alipigwa, akafungwa Toro kwa tuhuma ya mauaji, akarudi. Ushemasi aliupata mwaka 1900, ukasisi mwaka 1903. Kanisa lilimwona akifanya kazi, likaona anavyopokea kipigo, ndipo likamwekea mikono. Kwa kwetu mara nyingi mtu anataka suti na cheo mwezi wa kwanza, halafu ndipo atafute kundi.

Kwa hiyo omba zamu ambayo hakuna anayeigombania: watoto wa shule ya Jumapili, wagonjwa wa wodini, mazishi ya familia isiyo na uwezo. Ifanye kwa mwaka mzima. Angalia mambo mawili: watu wanasaidika? Na wewe, baada ya uchovu, bado unataka kurudi? Furaha ya siku ya kwanza haihesabiki.

Kisha mwone paroko, mchungaji wa usharika au mkurugenzi wa miito. Usitishwe na urefu wa safari. Kwa Wakatoliki wanaoingia utawani, novisiati, yaani kipindi cha kwanza cha malezi na majaribio, ni angalau miezi 12, ikifuatwa na nadhiri za muda zisizopungua miaka 3 kabla ya zile za daima. Na hapadirishwi mtu aliye chini ya miaka 25 kwa utaratibu wa kawaida. Muda huo ni wa kwako pia, wa kuwapima wao. Daudi alipakwa mafuta akiwa kijana anayechunga kondoo, akaanza kutawala akiwa na miaka 30.

Ukiombwa barua, iwe ya ukurasa mmoja. Andika unachokifanya sasa kanisani, nani anaweza kukushuhudia, umesoma hadi wapi, una wajibu gani nyumbani, na unaogopa nini. Sehemu hiyo ya mwisho wengi huiruka. Iandike, weka na namba ya simu inayopatikana.